Baba Mdogo Hakuwa Mwongo

Kota za reli mjini Tabora, miaka ile ya themanini, hazikuwa na siri. Ukuta mmoja ulitenga nyumba mbili. Jirani akikohoa usiku, wewe unampa pole asubuhi. Ndiyo maana habari kwamba mdogo wake baba yangu amegeuka mwongo ilienea kota nzima kabla hata hajatoka wodini. Wengine walisema gongo imemvua haya. Wengine walisema anajifanya, maana alikuwa na deni kubwa kwa mama muuza gongo, na mtu aliyepoteza kumbukumbu hadaiwi. Mimi nilikuwa nakaa kwake, nasoma sekondari, nikayaona mambo yale kwa macho yangu. Leo nina wajukuu. Wachache waliobaki wanaomkumbuka Baba Mdogo bado wanamkumbuka kwa jina hilo la mwongo, nami sijawahi kuridhika nalo.

Alikuwa gadi wa treni. Vijana wa siku hizi hawajui gadi ni nani, wanadhani mkubwa wa treni ni dereva. Gadi alikaa behewa la nyuma kabisa na bendera zake mbili, nyekundu na kijani, na filimbi, na taa ya usiku, na treni haikuondoka stesheni mpaka yeye aseme. Baba Mdogo aliingia kazini enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, akaipanda na kuishuka Reli ya Kati mpaka ikawa mali yake. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 aliendelea na kazi ileile chini ya shirika jipya. Kunywa alikuwa anakunywa tangu zamani, maana gadi hulala ugenini nusu ya maisha yake. Kisha siku moja akakutwa amelala fofofo, treni imesimama Goweko, bendera ya kijani iko chini ya miguu yake. Wakamshusha kwenye treni, wakampeleka bohari kuhesabu magunia. Hapo ndipo pombe yake ilipobadilika.

Zamani alikuwa mtu wa pombe ya kienyeji, ile ya mtama au mahindi. Pombe ile ni nzito, imebeba machicha ya nafaka, na mnywaji anarudi nyumbani ameshiba nusu. Siisifii, nasema tu kwamba ndani yake mna chakula kidogo. Bohari alihamia kwenye gongo, iliyokuwa ikipikwa vichakani kwa kificho, sheria imeikataza. Gongo ni mvuke uliopozwa. Vyote vilivyokuwa kwenye nafaka au matunda vimebaki kwenye pipa, kilichopita kwenye mrija ni kileo peke yake. Inampa mtu joto, inamwondolea njaa, na kwa hiyo anadhani amekula.

Mama Mdogo alikuwa anapika. Nalisema hili waziwazi kwa sababu mawifi zake walimsema sana, kwamba mume amekonda kwa uvivu wa mke. Ilikuwa miaka ya foleni. Sukari ilikuwa ya kugawana, sabuni ya kutafuta, na unga uliopatikana mara nyingi ulikuwa ule wa manjano wa kutoka nje, tuliouita unga wa Yanga. Hata hivyo kila jioni aliweka ugali na mlenda au kisamvu, siku njema maharage, akafunika kwa sahani juu ya meza ndogo ya pembeni. Asubuhi tunakikuta chakula vilevile, ugali umefanya ganda. Kiporo hicho nilikila mimi kabla ya kwenda shule, kwa hiyo hakuna anayeweza kunidanganya kuhusu alichokula Baba Mdogo. Yeye aliamka, akatapika nyongo nyuma ya choo, akaenda kuzimua. Mkanda wake wa kazi aliutoboa tundu jipya kwa msumari wa moto, halafu jingine, halafu jingine, mpaka ncha ya mkanda ikawa inazunguka nyuma ya kiuno.

Mwanzoni mwa 1984 ilianza miguu. Alisema nyayo zinamwaka moto, usiku akawa anazitoa nje ya shuka. Kisha akaanza kutembea ameitanua miguu na mkono uko ukutani, hata asubuhi ambazo hakuwa ameonja kitu. Watoto wa kota walimfuata nyuma wakimwigiza. Watu wazima walicheka wakasema gadi bado yumo ndani ya behewa linaloyumba. Siku moja nilimpelekea maji ya kunawa, akanitazama akauliza, “Mbona mmekuja wawili?” Nikainama nimtazame vizuri. Mboni za macho yake zilikuwa zinachezacheza, zinakimbilia pembeni, zinarudi, zinakimbia tena, wala yeye mwenyewe hana habari. Siku ile ile akaniita kwa jina la shangazi yangu, akaniuliza kama treni ya Mwanza imeshaingia.

Macho, miguu, akili. Nilikuja kujua baadaye kwamba vitu hivyo vitatu ndivyo madaktari wanavyofundishwa kuviangalia, na kwamba wagonjwa wengi hawavionyeshi vyote kwa pamoja. Baba Mdogo alivionyesha vyote, na bado havikuonekana.

Hospitali tuliyompeleka sitaitaja. Aliyempokea alinusa, akaandika neno moja kwenye cheti, “ulevi”, akaelekeza alazwe chini kwenye korido kwa kuwa vitanda vimejaa. Wakamtundikia dripu ya glukosi. Muuguzi akamwambia Mama Mdogo kwamba hiyo itamwosha pombe. Usiku ule alizidi. Hadi kesho yake jioni alikuwa amelala macho yako nusu wazi, ukimwita anaguna.

Sisemi dripu ndiyo iliyomharibu. Mwili wake ulikuwa umeshafika ukingoni. Lakini maelezo niliyopewa miaka ya baadaye yalinifanya nikae kitako. Ubongo unaishi kwa sukari. Ili sukari hiyo igeuke nguvu, mwili unahitaji vitamini B1, inayoitwa thiamini. Mtu mzima anahitaji kama miligramu moja na kidogo kwa siku, na akiba yote iliyomo mwilini ni kama miligramu 30 hivi, inayoweza kuisha ndani ya wiki chache mtu asipokula. Mlevi sugu anapigwa mara tatu: hali chakula, utumbo wake umeshindwa kufyonza hata kile kidogo anachokula, na ini lake limeshindwa kuweka akiba. Ukimjaza mtu huyo sukari peke yake, ni sawa na kusukuma kuni jikoni mahali ambapo kiberiti kinakaribia kuisha. Ile thiamini ya mwisho inatumika, na sehemu za ndani kabisa za ubongo zinaanza kufa. Ndiyo maana utaratibu unaofundishwa ni thiamini kutangulia au kwenda pamoja na glukosi. Mgonjwa ambaye sukari yake imeshuka hacheleweshwi glukosi, lakini sindano ya B1 isikosekane.

Aliyetuokoa, kwa kiasi alichotuokoa, ni daktari mwingine aliyepita na raundi. Mzee mwembamba, koti lake limefuliwa mpaka linaonyesha ndani. Alichuchumaa pale korido, akainua kope za Baba Mdogo kwa kidole gumba, akatazama muda mrefu. Halafu akamgeukia Mama Mdogo. Hakumwuliza mumewe anakunywa kiasi gani. Alimwuliza, “Mama, huyu anakula nini?”

Mama Mdogo aliangua kilio. Swali la kwanza alikuwa ameshaulizwa na mawifi, na mchungaji, na msimamizi wa bohari, na balozi wa nyumba kumi. La pili hakuna aliyewahi kumwuliza.

Daktari akaandika sindano za B1. Kwenye stoo hazikuwepo. Siku hizi mtu angevuka barabara akaingia duka la dawa, lakini wakati ule dawa zilikuwa za shida nchi nzima na hospitali binafsi za biashara zilikuwa zimepigwa marufuku tangu 1977. Baba yangu akapanda baiskeli, akaenda kuomba kwa masista wa misheni, akarudi usiku na vichupa amevifunga kwenye leso ndani ya mfuko wa shati. Sindano ya kwanza ilichomwa usiku uleule. Asubuhi macho yalikuwa yametulia. Sikuwahi kuona, na sijaona tena, dawa ifanyayo kazi namna ile. Miguu ilichukua wiki nyingi na haikurudi sawasawa. Mpaka mwisho wake alitembea kwa kupanua hatua. Akili nayo ilionekana imerudi. Alikaa kitandani, maana sasa alipewa kitanda, akaitikia salamu, akatania wauguzi. Tukamshukuru Mungu. Hapo ndipo “uongo” ulipoanza.

“Shikamoo Bamdogo. Umeamkaje?”

“Marahaba mwanangu. Mwili umechoka. Jana tumelala Malongwe, injini imekosa maji. Nimefika alfajiri hii.”

Alisema hivyo bila kupepesa, na mkono wake ulikuwa na bandeji ya sindano. Kesho yake alikuwa ametoka Kigoma na samaki wa kukaanga, akaniambia nimwulize Mama Mdogo wako wapi. Keshokutwa yake alikuwa kwenye harusi Urambo. Kitanda cha jirani alikuwepo Mgogo mmoja mtu mzima, na kwa kuwa Wagogo na Wanyamwezi ni watani, aliichukua hali ile yote kuwa utani. Akamwuliza, “Mtani, huko harusini mlituwekea nini?” Baba Mdogo akamjibu papo hapo, akataja nyama, akataja nani alicheza ngoma. Wodi nzima ikacheka. Nami nilicheka, mpaka nilipogundua kwamba yeye hacheki. Mtani anayetania huwa anakuangalia usoni aone kama imekupata. Baba Mdogo hakuangalia uso wa mtu. Alikuwa anajibu swali.

Yule daktari alitufanyia jambo mbele ya macho yetu ili tuelewe. Alitoa mfukoni kiberiti, ufunguo na sarafu, akaviweka juu ya blanketi. Akamwambia Baba Mdogo avitaje. Akavitaja. Akamwambia arudie bila kuangalia. Akarudia, hakukosea. Daktari akavirudisha mfukoni, akaanza kumsimulisha habari za reli: kutoka Manyoni kuja Tabora kuna stesheni gani? Baba Mdogo akanyoosha mgongo. Itigi, Kazikazi, Malongwe, Nyahua, Goweko, Igalula. Akataja kila moja na mahali treni za kwenda na za kurudi zinapopishana, na upande ambao maji yanakaa wakati wa masika. Sauti ikawa ya kazini. Kisha daktari akauliza, “Na vile vitu nilivyokuonyesha sasa hivi, vilikuwa nini?”

“Vitu gani, mheshimiwa?”

“Mimi umewahi kuniona?”

Baba Mdogo akamkazia macho kwa heshima. “Nimekuona, mheshimiwa. Wewe ni mkaguzi wa tiketi. Tulionana Dodoma.”

Daktari akatueleza nje, taratibu, kwa lugha ya kawaida. Ya zamani yapo kwa sababu yaliwekwa kabla ubongo haujaumia. Mapya hayaingii. Katikati panabaki pengo, na ubongo hauvumilii pengo, unachota chochote kutoka zamani na kulijaza. Mwenyewe hajui kwamba amejaza. Mwongo anaujua ukweli na anauficha. Huyu hana cha kuficha. Baba yangu, aliyekuwa mtu mkali, aliinamisha kichwa. Alikuwa ameshamgombeza mdogo wake mara mbili mbele ya watu kwa ajili ya wale samaki wa Kigoma.

Ugonjwa huo una majina ya watu wawili. Carl Wernicke, daktari wa Ujerumani, aliueleza mwaka 1881 kwa habari za wagonjwa watatu waliokufa: wanaume wawili walevi, na msichana mshonaji ambaye hakuwa mlevi hata kidogo, alimeza asidi na baada ya hapo akawa hatulizi chakula tumboni. Miaka michache baadaye, Sergei Korsakoff wa Moscow akaandika juu ya walevi waliopoteza kumbukumbu na kujaza mapengo kwa hadithi. Hakuna kati yao aliyejua chanzo, kwa kuwa vitamini zilikuwa hazijagunduliwa. Chanzo kilianza kuonekana upande mwingine kabisa wa dunia, Batavia, ambayo leo ni Jakarta, pale Mholanzi Christiaan Eijkman alipoona kuku wake wanalegea miguu wakila mchele uliokobolewa ukawa mweupe, na wanapona wakila mchele wenye pumba. Hiyo ilikuwa beriberi, nayo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Thiamini yenyewe ilitenganishwa mwaka 1926 kutoka kwenye pumba hizohizo, na kufika 1936 ilikuwa inatengenezwa maabara.

Lakini habari iliyonigusa kuliko zote ni ya wafungwa. Singapore ilipoanguka mikononi mwa Wajapani mwaka 1942, maelfu ya askari wa Uingereza na washirika wao walifungwa Changi, wakilishwa karibu wali mweupe peke yake. Wengi wakashikwa na kuhara. Ndani ya wiki chache madaktari wafungwa wakaanza kuona wenzao macho yanacheza, wanapepesuka, wanachanganyikiwa. Wawili kati ya madaktari hao, Hugh de Wardener na Bernard Lennox, waliandika habari za wagonjwa 52, maandishi yakahifadhiwa kwa kufichwa wakati wa vita, na yakachapishwa London mwaka 1947. Watu wale hawakuwa na tone la pombe. Walikuwa na njaa. Niliposoma hayo nilikumbuka ile sahani iliyofunikwa juu ya meza ya pembeni.

Aprili mwaka ule wa 1984 Waziri Mkuu Sokoine alifariki kwa ajali ya gari karibu na Morogoro. Redio ilikuwa ya matanzia, kota nzima kimya. Baba Mdogo tulikuwa tumemrudisha nyumbani. Alisikia taarifa, akavua kofia, akauliza, “Sokoine? Yupi, huyu Edward?” Akatikisa kichwa, akasema maskini, nchi imepata hasara. Baada ya chai akasikia tena redioni, akavua kofia tena, akauliza vilevile. Alifanya hivyo mpaka jioni. Lililonishangaza ni kwamba huzuni yenyewe haikuwa na uzito. Ilipita usoni, ikaondoka, akauliza treni ya abiria inafika saa ngapi. Daktari alikuwa ameshatuonya kwamba ubaridi huo ni sehemu ya ugonjwa. Mwaka uliofuata Mwalimu aling'atuka, na kwa Baba Mdogo Mwalimu aliendelea kuwa Rais. Sarafu mpya zenye sura nyingine alizirudisha dukani.

Habari za uchawi nitazipita haraka. Kulikuwa na mganga, kulikuwa na mbuzi, fedha zikaenda. Walimtaja mtu aliyepewa cheo chake cha ugadi. Mtu yule, nasikitika kusema, aliacha kupita mtaa wetu.

Kazini wakamstaafisha. Mama Mdogo hakumwacha, ingawa alishauriwa na watu wenye akili zao. Yeye ndiye aliyegundua jambo ambalo baadaye nililikuta kwenye vitabu vya kitabibu: kumbukumbu ya mikono haikufa. Alimpa ufagio kila asubuhi saa ileile, mahali palepale. Kwa miezi ilibidi amwonyeshe. Kisha akawa anaufuata mwenyewe, anafagia uwanja kuanzia mwembeni hadi barabarani, na ukimwuliza nani amefagia anakuambia hajui, yeye ameingia sasa hivi na treni. Bendera mbili alizishona mwenyewe Mama Mdogo kwa vitambaa vya kanga kuukuu. Asubuhi tulipokuwa tunatoka kwenda shule Baba Mdogo alisimama mlangoni, akatazama kulia, akatazama kushoto, akapuliza filimbi, akatupa kijani. Wenzangu waliona aibu kwa niaba yangu. Mimi nilikuwa nangoja ile kijani ndipo nivuke uzio.

Pombe hakuiulizia tena. Watu wanakataa kuamini hili. Hakuna aliyempa, njia ya kilabuni haikuwa kwenye ratiba ya siku yake, na hamu ilikwenda na mengine. Alikula dona, maharage, karanga, alinenepa, mkanda ukarudi tundu lake la zamani. Alifariki mwaka 1993 kwa malaria, wala hakuwa mzee.

Mimi nilikuja kuwa mwalimu wa jiografia, sasa nimestaafu. Nimeona viroba vikija na kupigwa marufuku mwaka 2017, nimeona chupa ndogo za plastiki zikichukua nafasi yao palepale dukani, na nimeona sembe nyeupe ikisukuma dona pembeni, eti dona ni ya wafungwa na wanafunzi wa bweni. Kiini na pumba, ambamo vitamini B1 imo, tunawapa kuku, kama vile hatujasikia habari za kuku wa Batavia. Australia walichoka kukuta ubongo ulioharibika namna hii wakati wa kuchunguza maiti, na tangu 1991 sheria yao inadai unga wa mkate uongezwe thiamini. Kwetu sisi ushauri bado ni kumgombeza mlevi.

Mwaka juzi kijana wa bodaboda anayepanga kwa jirani yangu alianza kutapika kila asubuhi. Mama yake, aliyekuja kumwuguza kutoka Nzega, alinieleza kwamba hali, anakunywa tu vile vichupa, na sasa anasema barabara ina mistari miwili. Nikavaa viatu. Tulimpakia kwenye bajaji tukampeleka kituo cha afya. Tabibu alikuwa binti mdogo, tayari ameshika chupa ya dripu. Nikamwambia, shikamoo yako naiitikia baadaye, huyu apewe B1 kwanza.

Akanitazama. “Bibi, wewe ni daktari?”

“Hapana. Nimefundisha jiografia.”

Akampiga kijana taa machoni, akamwambia afuate kidole. Akaweka dripu mezani, akafungua kabati, akatoa vichupa vya sindano. Vilikuwepo, boksi zima. Kijana bado yuko mjini, ana pikipiki nyingine sasa, na nauli ya ile bajaji hajanirudishia.